CAR-T kwa limfoma kali, kuna faida kuongezewa dawa ya kuamsha kinga ya mwili juu yake?

kijana_wa_pangani: Habari wakuu. Baba mdogo yuko Texas, ana limfoma (saratani ya chembe za kinga) ya seli B ile inayokua kwa kasi, kemo ilikubali halafu ugonjwa ukarudi kabla ya mwaka. Sasa wanampeleka CAR-T na wamemwambia kuna utafiti wa kuongeza dawa nyingine ya kuamsha kinga ya mwili. Mama mdogo ananipigia anauliza, kama hizo seli ni kali hivyo kwa nini wachanganye tena? Mwenye uelewa naomba msaada.

nesi_wa_zamu: Pole sana ndugu yangu. CAR-T wanatoa seli T zake mwenyewe, yaani chembe za kinga, maabara wanazipa uwezo wa kuitambua CD19, protini iliyo juu ya seli B, zikirudi mwilini zinasaka uvimbe. Yescarta, mojawapo ya hizo CAR-T, iliruhusiwa Marekani 2017, na kwenye utafiti wa ZUMA-1 kama 4 kati ya 10 walikuwa hai baada ya miaka 5, watu ambao zamani dawa zilikuwa zimewaishia kabisa! Ila kwa wengine ugonjwa unarudi, seli zinachoka, au uvimbe unatoa protini ya PD-L1 ya kuzizima, au unaificha CD19 yenyewe, ndo maana wanatafuta cha kuzisaidia.

Mzizi: Hapo sawa, lakini msikubali haraka. Utafiti wa ZUMA-6 walichanganya Yescarta na dawa ya atezolizumabu inayoziba PD-L1, wagonjwa 28, matokeo hayakupishana sana na CAR-T peke yake. Mimi tumaini langu liko zaidi kwa lenalidomidi, ni vidonge, inaamsha seli T na yenyewe inapiga limfoma, ila inashusha chembe za damu na CAR-T nayo inazishusha, kwa hiyo muulizeni daktari ni dawa gani hasa, inaanza kabla au baada ya seli, na chembe zikishuka wanafanyaje.

kijana_wa_pangani: Asanteni mno. Mama mdogo anaogopa zaidi zile homa.

nesi_wa_zamu: Homa na presha kushuka vinatokea sana siku za mwanzo, kuna dawa ya tosilizumabu ya kutuliza. Mwambie asimwache peke yake hata akisema yuko fresh. Wodini huwa wanamwandikisha sentensi moja kila siku, mwandiko ukianza kuharibika wanajua ubongo umeguswa na steroidi zinaanza mara moja. Akirudi nyumbani mama aendelee kumwandikisha, na akiona herufi zinayumba ampeleke hospitali saa hiyohiyo, asingoje asubuhi.