Kurafti na watoto kwenye makorongo ya jangwa Marekani, tuanzie mto gani?

MamaWawili

Wakuu habari zenu. Naomba ushauri wa watu waliowahi kwenda kweli, maana brosha za makampuni nimezisoma mpaka nimechoka, zote zinasema mambo yaleyale. Tuko wanne, mimi, mume wangu, binti wa miaka 11 na mdogo wake wa 6, na mwakani tunataka kushuka mto kwa boti la mpira kwenye yale makorongo ya jangwani kule Marekani, tulale kando ya mto siku kadhaa hakuna simu hakuna chochote. Baba yao kichwa chote kiko Grand Canyon. Mimi roho inasita kwa huyu mdogo, anaogelea vizuri tu ila kwenye swimingi, na mto ni kitu kingine kabisa.

Kuna sehemu ya kuanzia ambayo siyo ya kutisha lakini bado ni pori la kweli? Twende na kampuni au tukodi boti wenyewe? Na jamani, choo mnafanyaje huko?

Kasia_Mbili

Dada karibu. Grand Canyon mngeiacha kwanza, itawasubiri. Ni maili 226 kutoka Lees Ferry mpaka Diamond Creek, maji yanatoka chini ya bwawa la Glen Canyon kwa hiyo ni ya baridi hata jua likiwa linachoma, na mawimbi ya sehemu kama Lava Falls siyo ya mtoto wa miaka 6. Halafu makampuni mengi yana umri wa chini wa abiria, huyo mdogo wako wengi watamkatalia.

Mimi ningewaambia Desolation Canyon, mto Green, Utah. Mnaingilia Sand Wash mnatokea Swasey's, maili 84 hivi, na uzuri wake kwa watoto ni kwamba mwanzoni maji yametulia karibu maili 25 nzima, mtoto anazoea boti, anazoea laifujaketi, anajifunza kukaa na kushika kamba, halafu ndo rapidi, yaani sehemu maji yanapokimbia kwa nguvu juu ya mawe, zinaanza kidogo kidogo na zinakuwa kubwa kadiri mnavyoshuka. Ziko zaidi ya sitini lakini kwa kipimo cha ukali, ambacho la kwanza ndilo jepesi na la sita ndilo kali kabisa, nyingi ni daraja la pili, chache la tatu. Kuna michoro ya watu wa kale wa Fremont kwenye miamba, binti yako wa 11 hapo atasahau kabisa kama kuna kitu kinaitwa simu. Jina la hilo korongo alilitoa mpelelezi Mmarekani John Wesley Powell aliposhuka huo mto mwaka 1869, na alikuwa na mkono mmoja, mwingine aliupoteza vitani. Wasimulieni watoto hiyo mkiwa ndani ya boti.

Kibali cha kushuka mto ni cha bahati nasibu, mnaomba Desemba na Januari kwa ajili ya msimu unaofuata. Mkikosa msikate tamaa, watu wanaghairi na nafasi zinarudi, fuatilieni.

BintiWaJangwa

Naheshimu mchango wa mkuu hapo juu lakini kwa safari ya KWANZA na mtoto wa miaka 6 Desolation ni ndefu mno. Ukishaingia ni mpaka mwisho, barabara ya kutokea katikati huwezi kuitegemea, mtoto akipata homa siku ya pili utafanyaje? Na mbu wa Sand Wash mwezi wa sita siyo wa kawaida, watu wanavaa neti ya kichwa wakati wanapuliza boti.

Nendeni San Juan, hukohuko Utah, kipande cha juu kutoka Sand Island mpaka Mexican Hat. Ni maili 27 tu, mnalala usiku mbili au tatu mkitaka kwenda taratibu, mkondo unavuta vizuri kwa hiyo hamuui mikono kwa kupiga kasia, na rapidi ni chache. Kuna michoro mingi sana pale Butler Wash na nyumba ya kale ya mawe iitwayo River House, unashuka kwenye boti unatembea kidogo umefika, hata wa miaka 6 anaweza. Angalizo tu, upande wa kushoto wa mto, ukitazama maji yanakoelekea, ni ardhi ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa huko, kupiga kambi au kutembea kule kunahitaji kibali chao, siyo kile cha mto. Na msiguse michoro wala kuokota vigae vya vyungu vya kale hata kimoja, mwambieni mtoto mapema kabla hajajaza mfuko.

Mwisho wa kiangazi maji ya San Juan hupungua mpaka boti linakwaruza mchanga, kwa hiyo lengeni mwezi wa tano au wa sita theluji ya milimani ikiwa inayeyuka.

Mzee_wa_Kambi

Choo nitajibu mimi maana kila mtu anakwepa. Mnabeba choo chenu, ni sharti, mara nyingi ni boksi la chuma linalofungwa kabisa lenye kiti juu, na kila kitu kinatoka na nyie mpaka mwisho wa safari. Mkojo unaenda mtoni moja kwa moja, siyo mchangani, kwa sababu jangwani mvua hainyeshi ya kuusafisha na kambi nzima inaanza kunuka. Moto unawashwa ndani ya sinia la chuma tu, na majivu mnaondoka nayo. Maji ya vyombo mnachuja kwanza, mabaki ya chakula yanaingia kwenye takataka.

Sasa hapa naomba usome taratibu dada. Watu wanaogopa rapidi, lakini kinachowapata watoto jangwani mara nyingi zaidi ni joto. Bebeni maji ya kunywa angalau lita nne kwa mtu kwa siku, shati la mikono mirefu, kofia ya kufunga kidevuni, na mlowanishe mtoto nguo kila mara kabla hajalalamika. Halafu mafuriko ya ghafla. Kuanzia Julai mpaka Septemba mvua inaweza kunyesha mbali huko juu, nyie mnaona anga jeupe, na maji ya tope yakashuka kwenye kikorongo cha pembeni kwa dakika chache. HEMA LISIKAE mdomoni mwa kikorongo hata pawe pazuri vipi.

Laifujaketi ya mtoto iwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu na mshikio nyuma ya shingo. Ijaribuni nyumbani, mnyanyueni kwa kushika mabega ya hiyo laifujaketi, ikipanda mpaka masikioni haimfai. Mfundisheni akianguka alale chali, miguu mbele na juu, asijaribu kusimama kwenye mkondo maana mguu unanasa kwenye mawe. Na MSIMFUNGE kwenye boti, kamwe.

Kampuni au wenyewe? Kama hakuna kati yenu aliyewahi kuendesha boti la makasia kwenye maji yanayokimbia, safari hii lipeni kampuni iwape mwongozaji, na muombeni awafundishe kupiga kasia kwenye maji matulivu.

MamaWawili

Asanteni sana aisee. Mume wangu amesoma yote na ameikubali San Juan kwa roho moja. Swali la mwisho, kwa siku twende umbali gani ili huyu mdogo asichoke?

BintiWaJangwa

Maili nane mpaka kumi zinatosha kabisa. Amkeni mapema muingie mtoni jua halijawa kali, kwa sababu mchana upepo unapanda kutoka chini na unaweza kulisimamisha boti kabisa hata mkondo ukiwa unavuta. Saa nane mchana muwe mshafika kambini, watoto wapate muda wa kuchezea tope na mchanga, wengi hiyo ndiyo wanaisimulia kuliko rapidi zote. Mwambieni mwongozaji mapema kwamba mnataka mwendo huo, safari za watu wazima peke yao huwa zinakimbizwa.