Mgonjwa anaitaja kanuni lakini mkono haufuati: sehemu ya mbele ya ubongo inaratibu nini hasa?

Tabibu wa Zamu
Habari wakuu. Naomba ufafanuzi kuhusu wagonjwa wa ajali za pikipiki walioumia kichwa. Mgonjwa anaongea vizuri, anajua tarehe, mkono una nguvu. Unamwambia: "Nikigonga meza mara moja, wewe gonga mara mbili. Nikigonga mara mbili, gonga mara moja." Anairudia kanuni neno kwa neno. Halafu ukigonga mbili, naye anagonga mbili, huku akisema "nilitakiwa kugonga moja." Kama kanuni anaijua, kinachomshinda ni nini?

NevaMoja
Mkuu, kuijua kanuni na kuishikilia wakati wa kutenda ni kazi mbili tofauti. Kuiga unachokiona ni njia iliyozoeleka, haihitaji msaada wa mtu. Kugonga kinyume ni njia dhaifu, na hapo ndipo prifrontali koteksi (gamba la sehemu ya mbele kabisa ya ubongo) inapoingia. Haiamrishi misuli moja kwa moja. Inachofanya ni kuiweka kanuni hai na kuipa nguvu njia dhaifu, ili ile iliyozoeleka isitangulie. Watafiti wa ubongo Miller na Cohen waliyaweka maelezo haya vizuri mwaka 2001.

Kuna nyuroni (seli za neva) za upande wa juu na pembeni wa gamba hilo (namba 9 na 46 kwenye ramani ya ubongo ya Brodmann) zinazoendelea kufyatua ishara hata baada ya kichocheo kuondolewa. Fuster na Alexander waliziona kwa nyani mwaka 1971: chakula kimefichwa, pazia limeshushwa, na seli bado zinafyatua hadi nyani aruhusiwe kuchagua. Ishara hiyo ikilegea, maneno ya kanuni yanabaki salama kwenye sehemu za lugha, ila hayana tena nguvu juu ya mkono. Ndiyo maana anasema sahihi na kutenda kosa kwa wakati mmoja. Hakudanganyi, wala si mkaidi.

Mzunguko
Naongeza jambo moja, kwa sababu watu huishia kwenye koteksi tu. Sehemu ya mbele haifanyi kazi peke yake. Ishara inashuka kwenye kaudeti, inapita globasi palidasi, inaingia thalamasi (zote ni sehemu zilizo ndani kabisa ya ubongo), kisha inarudi koteksi. Alexander, DeLong na Strick waliichora mizunguko hiyo mwaka 1986. Jeraha dogo la kaudeti au thalamasi linaweza kuleta picha ileile, kwa hiyo CT (picha ya kichwa ya mionzi) inayoonesha sehemu ya mbele iko safi isikufanye umwambie mgonjwa kwamba hana tatizo. Nyuzi za neva zilizokatika kwa mtikisiko mara nyingi hazionekani kwenye CT.

Angalia pia ni eneo gani la sehemu ya mbele limeumia. Sakafu ya fuvu juu ya macho ina matuta yanayokwaruza, na ubongo ukisukumwa mbele unachubuka hapo chini. Huyo anaweza kufaulu vipimo vya kugonga meza lakini akatukana wageni na kumaliza pesa kwa siku moja. Akiumia upande wa ndani, katikati, anakaa kimya na haanzishi kitu. Familia hudhani ni huzuni au uvivu.

Kipimo Kitandani
Kwa upimaji, hakikisha kwanza yuko makini. Mwambie ataje siku za wiki kuanzia mwisho. Akishindwa, ahirisha, utapima usingizi au dawa, si kanuni.

Kisha fanya ngumi, ubavu, kiganja. Kaa mbele yake, onesha mara tatu kwa mkono wa kushoto bila kusema neno: ngumi juu ya meza, ubavu wa mkono, kiganja chini. Yeye atumie mkono wa kulia. Mizunguko sita sahihi peke yake ni alama 3. Angalau mitatu, alama 2. Akiweza mitatu pale tu mnapofanya pamoja, alama 1. Kosa kubwa la wapimaji ni kutamka "ngumi, ubavu, kiganja" muda wote. Hapo sauti yako ndiyo inayoshikilia mpangilio, na mgonjwa atafaulu kwa msaada wako.

Kugonga meza, tumia 1-1-2-1-2-2-2-1-1-2. Akikuiga mara nne mfululizo, ni sifuri.

Maneno kwa dakika moja: tumia herufi S. Usitumie K, maana atamaliza dakika na kula, kulala, kupika, kuoga. Kiambishi ku- kinamfanyia kazi. M nayo ina shida hiyohiyo. Na kumbuka elimu ya shule inapandisha alama, usimlinganishe aliyeishia darasa la tatu na mhitimu wa chuo.

Tabibu wa Zamu
Asanteni sana, sasa nimeelewa. Nyumbani ndugu zake wafanye nini?

Mzunguko
Wampe hatua moja, aimalize, ndipo wampe nyingine. "Oga, uvae, halafu ulete ndoo" ni mzigo wa hatua tatu. Redio izimwe anapofanya kazi. Hatua za kazi ziandikwe au zichorwe na zibandikwe palepale inapofanyika: za kuoga mlangoni pa bafu, za dawa juu ya meza ya chai. Zisikae mfukoni, kwa sababu kukumbuka kuzitoa mfukoni ni kazi ya sehemu ileile iliyoumia.