Mshahara laki saba, madeni matatu: fungu la kumi linakaa wapi?

Neema_Kimara
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mtu anapokea 700,000 mkononi, SACCOS imeshakata kazini. Anadaiwa 300,000 na mkopeshaji wa mtaani, riba asilimia 20 kwa mwezi, na kadi yake ya benki imeshikiliwa huko. Ana na mkopo wa simu, 80,000. Amepanga Kimara, 100,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo. Asimamishe fungu la kumi mpaka madeni yaishe? Aanze kulipa lipi? Naomba hesabu kamili.

MhaziniTabata
Amina dada Neema. Fungu la kumi libaki, 70,000, na litoke siku ile ile mshahara unapoingia. Kinachomkausha huyu mtu ni ile 60,000 ya riba. Akilipa riba tupu miezi mitano, ameshatoa 300,000 na bado anadaiwa 300,000 ile ile. Mithali 22:7 inasema akopaye ni mtumwa wake akopeshaye, na kadi ya benki kukaa kwenye droo ya mtu mwingine ni utumwa wa kuonekana kwa macho.

Aandike kwenye daftari: fungu la kumi 70,000, kodi 100,000, chakula 180,000, LUKU, maji na gesi 50,000, ada ya mtoto 30,000, wazazi 20,000, michango 20,000. Nauli asikadirie, ahesabu: daladala mbili kwenda, mbili kurudi, kwa 600 ni 2,400 kwa siku, mara siku 26 ni 62,400. Jumla 532,400. Zinabaki 167,600, zote ziende kwenye deni.

Mwezi wa kwanza amalize mkopo wa simu, 80,000. Huo uanze kwa sababu ukichelewa, hela yoyote ikiingia kwenye laini inaweza kukatwa kabla hujaigusa, hata kama ilikuwa ya kodi. Zinazobaki 87,600: riba 60,000, na 27,600 inapunguza deni lenyewe, linakuwa 272,400. Mwezi wa pili riba ni 54,480, deni linashuka hadi 159,280. Wa tatu riba 31,856, linabaki 23,536. Wa nne anamalizia kwa 28,243.

Hesabu hii inasimama tu kama riba inapigwa kwenye salio. Wapo wasiopokea nusu nusu: ulete yote, au riba peke yake. Kwa hiyo kabla ya kulipa hata shilingi waandikiane tarehe, kiasi kilicholipwa na kilichobaki, wasaini wote wawili. Alipe kwa simu ili ujumbe ubaki kama ushahidi. Siku ya kumaliza achukue kadi na mkataba wake, abadilishe namba ya siri siku hiyo hiyo.

Mama_Ukonga
Mhazini, naongeza hapo kwenye kukataa nusu nusu. Aende SACCOS yake aombe mkopo wa dharura wa 300,000. Kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi, mwezi wa kwanza ni 4,500, badala ya 60,000! Ila kama ni mtumishi wa umma makato yasivuke theluthi mbili za mshahara, la sivyo ombi litarudi. Aangalie pia kama huyo mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu, maana Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inaitaka.

Na tafadhali, asimdhamini mtu yeyote kipindi hiki, hata wa kwaya moja. Mithali 22:26 imelisema wazi. Mdhaminiwa akishindwa, SACCOS inakata akiba ya mdhamini, na mpango wote huu unalala.

Mzee_Baraka
Mliojibu mmesema vema. Kuhusu fungu la kumi kupigwa kwenye mshahara kabla au baada ya makato ya kazini, sitamfunga mtu. 2 Wakorintho 9:7 inasema si kwa lazima. Ila achague moja na kuiandika. Anayetoa kabla ya makato ameshatolea ile asilimia 10 ya mshahara wake inayokatwa kwenda mfuko wa NSSF, hivyo siku ya mafao atenganishe michango yake na ya mwajiri, asiitolee mara mbili.

Ninachokiogopa zaidi ni ahadi. Mtu anasimama kwenye harambee ya ujenzi anataja laki mbili, watu wanapiga makofi, na bahasha inakaa tupu mwaka mzima. Luka 14:28 inataka uketi kwanza uhesabu gharama. Ahadi ya mwaka igawe kwa 12 kabla ya kuitaja.

Neema_Kimara
Mungu awabariki sana. Kodi aiweke wapi ili isiliwe? Na kadi ya harusi ya binamu imeshafika, 100,000.

MhaziniTabata
Kodi aiweke akaunti ya akiba asiyoichukulia kadi, benki tofauti na ya mshahara, ili kila kuitoa iwe ni kupanga foleni dirishani. Baada ya miezi sita ina 600,000. Deni likiisha mwezi wa nne, ile 167,600 iendelee kuingia humo kama akiba ya dharura mpaka zifike gharama za miezi mitatu.

Harusi atoe 20,000 ya fungu la michango mwezi huu. Ampigie mweka hazina wa kamati sasa hivi amwambie kiasi hicho, kabla hawajalipia ukumbi kwa kuhesabu laki yake.