Unajimu unatusaidia kujielewa maisha yanapobadilika, au unatupumbaza?

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa moyo mweupe.

Nikiwa na miaka 29 nilipoteza kazi, na ndoa ikavunjika, yote ndani ya miezi minne. Rafiki yangu akaniambia Zohali imerudi pale ilipokuwa siku niliyozaliwa. Sayari hiyo hulizunguka jua kwa takriban miaka 29 na nusu, na wanajimu husema ikirejea inakudai hesabu ya maisha yako. Siamini kwamba Zohali ndiyo iliyonifukuza kazi. Lakini usiku ule nilifungua daftari, nikapiga mstari katikati: kushoto niliyoyachagua mwenyewe, kulia niliyochaguliwa na wengine. Kulia kulijaa hadi ukurasa wa pili. Nililia sana, na hapo ndipo nilipoanza kubadilika. Kwangu mimi unajimu hautabiri lolote, ila humpa aliyechanganyikiwa pa kuanzia kujiuliza. Mnasemaje?

— Dada, pole kwa yaliyokukuta, ila sikubaliani nawe. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake maelezo ya tabia, kila mmoja akidhani ni yake peke yake. Kwa usahihi wakayapa wastani wa zaidi ya 4 kati ya 5. Kumbe wote walipewa maandishi yaleyale, mengi yametolewa kwenye kitabu cha unajimu! Mtu aliyeumia ndiye anayenaswa upesi. Mdogo wangu aliahirisha kusaini mkataba wa kazi eti Utaridi inarudi nyuma. Hilo hutokea mara tatu au nne kwa mwaka, wiki kama tatu kila mara, na sayari yenyewe hairudi popote. Ni sisi tunavyoiona tukiwa duniani. Nafasi akapewa mwingine.

— Kaka, la mdogo wako limeniuma, na la Forer nalikubali lote. Maandishi yale yangemfaa yeyote. Orodha yangu isingemfaa mtu mwingine: masomo aliyonichagulia baba, nyumba aliyoitaka mume wangu. Nyota haikuniandikia hata neno moja. Siku ya kusaini, kuoa au kwenda hospitali, nyota zikae pembeni kabisa.

— Sasa si ungeanza na daftari tu, Zohali ukaiacha?

— Watu watatu walikuwa wameshaniambia nijitafakari, nikashindwa. Kuambiwa kwamba huu ni msimu, una mwanzo na una mwisho, ndiko kulikonipa nguvu ya kushika kalamu.