Homa ya mtoto usiku: zahanati ya mtaani au Bugando moja kwa moja?

Mama Kulwa, Kishiri
Wadau habari, wakubwa shikamooni. Mapacha wangu wana mwaka na nusu. Kulwa akichemka tu usiku, baba yao anataka bajaji hadi Bugando, ile hospitali kubwa ya rufaa hapa Mwanza. Mimi naona zahanati inatosha: wamtoboe kidole, wapime malaria, watupe dawa ya mseto, turudi kulala. Mama mkwe anasema ni meno. Nyie mnaamuaje? Na bima watakubali bila karatasi ya rufaa?

Nesi mstaafu, Nyegezi
Marahaba mwanangu. Usiamue kwa joto peke yake, mtazame mtoto. Mwenye 39 anayenyonya na kuchezea kanga yako, zahanati inamtosha. Mwenye 38 aliyelegea, hapana. Degedege, kutapika kila kitu, kushindwa kunyonya au kunywa, usingizi asioamka: hapo ni hospitali, tena sasa hivi.

Mhesabie pumzi akiwa ametulia, dakika nzima. Kwa umri huo zikifika 40 apimwe usiku huohuo. Kifua kikibonyea ndani akivuta hewa, nendeni hospitali. Tazama na viganja. Vikiwa vyeupe, huenda damu imepungua, na malaria kali humaliza damu haraka. Zahanati haiongezi damu.

Meno hayaleti homa kali. Mama mkwe msalimie, ila mtoto apimwe. Na kichanga wa chini ya miezi miwili akipata homa yoyote, hana mjadala: hospitali.

Bima: dharura haidai rufaa. Beba kadi tu.

Bajaji ya Usiku, Igoma
Dada, chukua namba ya simu ya zahanati yenu mchana. Usiku piga kwanza. Nimeshabeba watu mpaka getini wakakuta mlinzi peke yake, tukageuza, muda umepotea. Halafu si lazima kupanda kilima cha Bugando. Sekou Toure nayo ni ya rufaa, ya mkoa, na dharura wanapokea.

Mama Kulwa, Kishiri
Asanteni sana. Degedege ndiyo inanitisha. Bibi alikuwa anatia kijiko mdomoni ili mtoto asijing'ate. Nifanye hivyo tukisubiri usafiri?

Nesi mstaafu, Nyegezi
Usithubutu. Mlaze ubavu, mlegezee nguo, usimtie chochote mdomoni, hata dawa ya homa. Baba yao ndiye atafute bajaji, wewe usimwache.