Mjadala: Ukitaka kuielewa siasa yetu ya vyama vingi, msome Lowassa

Wakuu, salaam.

Juzi kijiweni tulibishana mpaka kahawa ikapoa. Mwalimu mmoja mstaafu, mzee wetu pale, alisema kama vijana wangefundishwa siasa ya nchi hii kupitia maisha ya waziri mkuu mmoja, basi awe Sokoine. Nikasema hapana, awe Edward Lowassa. Pakachafuka. "Unataka watoto wafundishwe ufisadi?" Pale nilizidiwa sauti, si hoja, ndiyo maana nimelileta hapa.

Sokoine namheshimu. Ila alifariki Aprili 1984, enzi za chama kimoja, na tangu hapo tumemfanya mtakatifu. Mtakatifu huombwa, hachunguzwi. Lowassa ni habari nyingine: mbunge wa Monduli kwa miaka mingi, waziri, waziri mkuu, aliyejiuzulu, aliyekatwa jina, mgombea urais wa upinzani, kisha mtu aliyerudi CCM. Nitajieni mwingine aliyepita milango yote hiyo.

Anzeni na Februari 2008. Mnakumbuka mgao wa umeme wa 2006, mabwawa yamekauka, serikali inahaha, kampuni ya Richmond ikapewa mkataba wa umeme wa dharura wa megawati 100 ambao haikuuweza. Kamati teule ya Bunge iliyochunguza mkataba huo, chini ya Mwakyembe, ikasoma ripoti yake bungeni tarehe 6. Kesho yake Lowassa, akiwa waziri mkuu, akasimama, akalalamika kwamba kamati haikumwita hata mara moja kumhoji, akasema ameshamwandikia Rais barua ya kujiuzulu. Mtaani kwetu watu walijazana dukani kwa jirani mbele ya TV ya chogo. Mwenye duka mwenyewe kaacha kuuza, mtoto kaja na mia mbili yake ya chumvi hakuna anayemsikiliza.

Wengi huishia hapo: "Bunge lilikuwa na meno." Mimi nauliza meno ya nani? Mwakyembe alikuwa mbunge wa CCM. Spika Sitta, CCM. Wapinzani bungeni walikuwa wachache sana, wasingemng'oa hata naibu waziri. Waziri mkuu yule aliangushwa na ugomvi wa ndani ya chama chake, na nchi nzima ikitazama. Ondoa kimoja kati ya hivyo viwili, sidhani kama angejiuzulu. Na kumbukeni mwaka 2016 TBC, televisheni ya taifa, iliacha kurusha Bunge moja kwa moja.

Halafu Dodoma, Julai 2015. Hapa ndipo ningewakalisha wanafunzi wiki nzima. Lowassa kazunguka mikoani akitaka CCM imteue kugombea urais, viwanja vimefurika, kila mtu anajua ana wajumbe. Kamati Kuu ikapeleka majina matano Halmashauri Kuu, lake halimo. Wajumbe wakaimba "Tuna imani na Lowassa" mbele ya mwenyekiti Kikwete, aliyekuwa swahiba wake tangu mbio za 1995. Wimbo ulikuwa mtamu, jina halikurudi. Sisi huku tunasubiri Oktoba twende tukapige kura, kumbe nusu ya uchaguzi imeshafanyika usiku, kwenye chumba kimoja, na anayeshika kalamu ya kukata.

Ndipo ikaja ile iliyonikuta hata mimi. Chadema, chama ambacho katibu mkuu wake Dk. Slaa aliwasomea watu orodha ya mafisadi pale Mwembeyanga mwaka 2007, jina la Lowassa likiwamo, wakampa Lowassa bendera agombee urais. Slaa akaondoka. Lipumba akaachia uenyekiti wa CUF, chama kingine cha upinzani. Mimi nilibaki, nikazungusha mikono na wenzangu "mabadiliko, Lowassa!", na sioni haya kusema. Kura 6,072,848, karibu asilimia 40, wakati Slaa mwaka 2010 alipata milioni mbili na ushee. Machi 2019 Lowassa huyo yuko Lumumba, ofisi ya CCM: nimerudi nyumbani. Mwalimu akaniuliza, "Na wale milioni sita, walirudi naye?" Nikanyamaza. Mpaka leo sina jibu, na nadhani swali hilo moja lingetosha kuwa mtihani.

Mtasema namsafisha. Hapana. Kwa Richmond hakuwahi kufikishwa mahakamani, kwa hiyo hakuhukumiwa wala hakusafishwa. Aliwajibika kisiasa, basi. Watu wetu wengi hawatofautishi hayo mawili, na somo hilo huwezi kulipata kwa Sokoine.

Tena mimi ni zao la shule ya kata, zile alizozisukuma akiwa waziri mkuu. Nilianza kidato cha kwanza 2007. Tulikalia matofali, mwalimu wa hesabu mmoja shule nzima, naye akiugua ndiyo basi. Ilinikera, bado inanikera. Lakini bila ile shule nisingevuka darasa la saba. Sasa pigeni hesabu: sisi wa 2007, mwaka 2015 tulikuwa na umri gani? Ndiyo kwanza tunapiga kura ya urais, na mgombea anatuambia elimu, elimu, elimu. Sijaona wachambuzi wakilishika hilo vya kutosha.

Mwalimu ana hoja moja iliyonikaa. Anasema ukisomesha siasa kwa kufuata mtu mkubwa, kijana atadhani siasa ni ya watu wakubwa tu. Oktoba ile ile tukiwa tumetolea macho Lowassa na Magufuli, mgombea wa CCM, Zanzibar uchaguzi wao ulifutwa wote tarehe 28, na wengi wetu bara tulipita tu kama habari ya jirani. Hapo nakubali. Kitabu cha Lowassa peke yake hakitoshi.

Haya, semeni. Mngeanzia wapi, Februari 2008 au Julai 2015? Na kama si Lowassa, nani, kwa sababu gani? Mwalimu macho hayamruhusu simu, kaniambia Jumamosi nimsomee majibu yenu yote. Matusi nitayaruka.