Kujitolea kwenye meli ya hospitali Freetown, na nauli ujilipie?

Nesi_wa_Uyole:
Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na habari zenu msiotumia salamu hiyo. Mimi ni muuguzi, diploma, huu mwaka wa sita niko wodi ya upasuaji hapa Mbeya. Kuna hawa Mercy Ships wanaotibu watu bure kwenye meli huko Afrika Magharibi. Meli yao mpya, Global Mercy, ilianza kuhudumia Freetown, Sierra Leone, mwaka 2023. Moyo unanituma niende miezi mitatu. Nimesoma masharti mpaka usiku wa manane, nikafika pale penyewe: mshahara hakuna, nauli juu yako, bima juu yako.

Mume wangu nilipomwambia alicheka. Mama mkwe hakucheka. "Mwanangu, tangu lini mtu akalipa ili afanye kazi? Hao matapeli." Nina mtoto wa miaka minne. Aliyewahi kwenda aniambie, ni kweli mnalipa? Pesa mlitoa wapi? Na Kiingereza changu ni cha kuandikia ripoti ya zamu, si cha kupigia soga.

Mzee_wa_Mwanjelwa:
Binti, Chunya maskini wameisha? Unavuka bara zima kwenda kufunga vidonda vya watu wakati zahanati zetu nesi ni mmoja, na siku ya semina hayupo. Mcheza kwao hutunzwa.

MamaNeema_UsaRiver:
Mdogo wangu, mtulize mama mkwe kwanza. Si matapeli. Nilikuwa Global Mercy Februari hadi Mei 2024, wodi ya watoto wa mifupa, wale wa miguu ya matege. Na ndiyo, unalipa. Bingwa wa upasuaji analipa, mpishi analipa. Kazi hiyo ilianzishwa 1978 na Don Stephens, na mgonjwa hadaiwi gharama ya upasuaji. Anayekuja kumhudumia ndiye anayejigharamia. Omba kwenye tovuti yao wenyewe. Mtu akikutaka utume hela kwenye namba yake ya simu ili "akushikie nafasi", huyo ndiye tapeli wa mama mkwe.

Pesa nilichangisha. Nilichapa kadi za mchango kama za harusi, watu wakauliza harusi ya nani. Mchungaji akaniruhusu mnada baada ya ibada ya pili. Ndizi na maboga viliuzwa kawaida, ila kulikuwa na jogoo mmoja mwekundu aliyenunuliwa mara nne. Kila anayemnunua anamrudisha mezani kwa jina la Bwana, mpaka mwalimu mmoja mstaafu akatoa 80,000, akambana kwapani na kuondoka naye. Pasipoti yangu na kadi ya homa ya manjano ni huyo jogoo. Nauli haikutimia, nikauza cherehani. Kazini ruhusa walinikatalia mara mbili, barua ya tatu ikapita. Anza barua mapema kuliko mnada.

Lugha isikutishe. Kiingereza utakitumia na wenzako, wagonjwa wengi wanaongea Krio, wengine Kimende au Kitemne, na wakalimani wenyeji wako nanyi wodini kila zamu. Siku yangu ya tatu mtoto analia tukibadilisha bandeji, mkalimani anamwambia "osh ya, osh ya". Nikamuuliza maana yake. Akahangaika: ni kama kuomba radhi, lakini hujamkosea. Nikamwambia kaka, hiyo kwetu ni "pole". Mwenzangu wa chumbani, nesi Mholanzi, ilimchukua wiki kuizoea. Mimi nilizaliwa nayo.

Huyo Mholanzi nitamsema kidogo. Damu ya upasuaji melini wanatoa wafanyakazi wenyewe, wanakupima mapema na kuandika kundi lako. Usiku mmoja, kama saa saba, simu ikalia chumbani, akashuka na kandambili zake. Akarudi na plasta mkononi, akala biskuti mbili gizani, akalala. Asubuhi aliingia zamu, akampimia presha mgonjwa aliyetiwa damu ile, na mama wa mgonjwa akawa anamlalamikia kuwa uji wa leo ni mwepesi. Hakumwambia kitu.

Kitakachokuumiza si hela. Ni wale wanaoambiwa hapana. Nilimwona baba mmoja ana uvimbe wa taya, ameufunika kwa kitambaa safi kilichopigwa pasi. Daktari akasema ni saratani na imeshasambaa. Yule baba alimshukuru daktari. Mimi nilitoka nje nikajifanya natafuta glovu.

Mtoto wa miaka minne sitakudanganya. Wanaokuja na familia ni wale wanaokaa muda mrefu, na melini kuna shule ya watoto wao. Miezi mitatu utamwacha. Neema alikuwa na miaka 11, wiki ya pili akagoma kuongea nami kwenye simu.

Mzee wa Mwanjelwa, maneno yako yana ukweli na yamenichoma. Lakini mtu wa Chunya anapanda basi anafika Mbeya mjini kwa daktari. Sierra Leone walitoka vitani 2002, wakaja kupigwa na Ebola 2014, ikazoa manesi na madaktari wao. Yule mtoto wa matege mama yake alikuwa anasubiri meli, hakuwa na basi la kumpeleka popote. Na ukiwa tayari kwenda Chunya, mimi nachangia nauli yako. Mnada tunao.

Salim_Pongwe:
Naomba kuuliza kwa heshima. Sierra Leone Waislamu ndio wengi. Mgonjwa anatibiwa kwanza ndipo anahubiriwa, au anahubiriwa ndipo atibiwe?

MamaNeema_UsaRiver:
Swali zuri kaka Salim, nami nilienda nalo kichwani. Hawamuulizi mtu dini ili atibiwe. Maombi na nyimbo za Kikristo zipo, sitaficha. Mlezi wa mtoto hulala kwenye godoro chini ya kitanda cha mwanawe. Mmoja kila alfajiri alikuwa anatoka humo chini, anatandika msala kati ya vitanda viwili, mimi nikifika kupima joto naanzia upande wa pili mpaka amalize. Mkalimani wangu bora alikuwa Muislamu. Ramadhani ilitukuta huko, akifuturu ananiwekea tende.

Nesi_wa_Uyole:
Asante sana dada. Uwanja wa ndege mnapokelewa?

MamaNeema_UsaRiver:
Uwanja uko Lungi, ng'ambo ya maji, mjini unavuka kwa boti. Mimi nilifika usiku, sijui kuogelea, nilishika boya la kujiokoa kama mtoto mchanga mpaka nikaona taa za meli. Wanakupokea.

Nesi_wa_Uyole:
Nimemsomea mume wangu yote. Kasikiliza kimya, halafu kauliza jogoo alikuwa aina gani.

MamaNeema_UsaRiver:
Kuchi. Na mwalimu hajamchinja mpaka leo.